Siku Nilipozipanga Faili za Shemeji Ekisa

Hii aibu nitaisimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu dada yangu Ajambo ameanza kuisimulia kwenye harusi za watu na kila akiisimulia anaongeza malori mawili. Mara ya mwisho nilisikia foleni ilifika karibu na Bungoma. Uongo! Yalikuwa malori tisa tu (sawa, kumi na moja, lakini mawili yalikuwa yameegeshwa hapo tangu jana yake), na kosa lilikuwa langu peke yangu, na nikiwa mkweli kabisa ni kosa ambalo ni mtu wa kazi yangu tu angeweza kulifanya.

Mimi ni mkutubi. Niko katika maktaba ya chuo kimoja hapa Busia, na kama hujui mkutubi wa chuo hufanya nini usijali, hata baadhi ya wahadhiri wetu hawajui, wanadhani natunza ufunguo. Kwa miaka tisa nilikuwa msaidizi wa maktaba. Wahadhiri wanaenda semina Naivasha, wanaenda warsha Kisumu, wanarudi na mikoba mipya yenye maandishi, na mimi niko palepale nawagongea mihuri kwenye vitabu. Nilisoma diploma jioni, nikasoma digrii wikendi, vyeti vyote nikavitia kwenye bahasha ya kaki, na cheo hakikusogea hata hatua moja. Kwa hivyo lilipotoka tangazo la mafunzo ya miezi sita kwa wakutubi wa vyuo vidogo, mafunzo ya kufanyia ndani ya maktaba ya chuo kikuu kule Nairobi, kujifunza mambo ya majarida ya kwenye mtandao na jinsi ya kuwasaidia watafiti, na ukitoka hapo unaweza kuomba kazi ya mkutubi mkuu bila kuona haya, nilituma maombi siku hiyohiyo. Masharti yalisema mwombaji asiwe amefika miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa nimebakisha miezi miwili. Ilikuwa mwaka huo ama basi.

Nikaitwa kwenye mahojiano. Yangefanywa kwa video, Jumanne saa nne asubuhi, na Jumatatu yake jioni mti ukaangukia nyaya pale chuoni, stima ikapotea na mtandao ukaifuata. Nikampigia Ajambo nikilia. Ajambo hakunibembeleza hata kidogo, akaniambia, "Kwani Ekisa hana ofisi? Njoo Malaba."

Ekisa ni mume wake, Mteso wa kule Chakol, ajenti wa kliaringi, yaani wale watu wanaoshughulikia makaratasi ya malori forodhani ndiyo yavuke Uganda. Ofisi yake ni chumba kimoja kando ya barabara, lakini mtandao wake haukatiki, na ana jenereta. Nilifika saa mbili kasoro, nimevaa koti la suti jeusi na sketi yake, nikamkuta Ekisa anatoka mbio na kalamu mbili masikioni.

"Shemeji karibu, ofisi ni yako," akasema. "Mimi niko kwa dirisha la forodha mpaka saa sita. Madereva wakikuja kuchukua faili, wewe waache tu wachukue. Wanajua zao."

Akaenda. Nami nikabaki na zile faili.

Sasa naomba mnielewe. Faili zilikuwa chini, kwenye sakafu! Zilianzia mlangoni zikafuata ukuta, zikakunja kona, zikapanda kwenye benchi, moja ilikuwa juu ya kiti, na rafu nzuri ya mbao ilikuwa imekaa ukutani bure kabisa, haina kitu isipokuwa thamosi na kalenda ya mwaka uliopita. Nilikaa dakika kumi nikijifanya nasoma majibu yangu ya mahojiano. Macho yanarudi sakafuni. Nikajiambia, huyu shemeji amenipa ofisi, amenipa mtandao, hata chai ameniachia, na mimi sina cha kumpa isipokuwa ile kazi ninayoijua. Wacha nimshukuru kidogo.

Nikavua viatu, nikavaa slipa za Ajambo nilizozikuta nyuma ya mlango, nikafunga leso yake juu ya sketi ndiyo nisishike vumbi, na nikaanza. Nilifungua kila faili, nikaangalia jina la mwenye mzigo, nikazipanga rafuni kwa herufi, kuanzia A mpaka Z, nikakata vikaratasi nikaandika herufi na kuvibandika. Nilifagia. Nilisimama katikati ya chumba nikaitazama ile rafu na moyo ukajaa furaha (huwa nafurahi hivyo, ndiyo maana sikuolewa mapema, anasema Ajambo). Kisha nikafunga mlango na nje nikabandika karatasi: MAHOJIANO YANAENDELEA. KIMYA TAFADHALI.

Saa nne kamili wakatokea kwenye kompyuta. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa profesa mmoja mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole, halafu mwanaume mwenye miwani, halafu wa tatu ambaye alizima kamera, tukawa tunaona jina tu. Kiingereza kilikuwa kingi lakini nitawapa kwa Kiswahili. Profesa akaanza kwa kunisifu.

"Naona nyuma yako rafu imepangwa vizuri sana. Hiyo ndiyo maktaba yenu?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Ningesema, hapana Profesa, hapa ni kwa shemeji yangu Malaba, stima ilipotea chuoni. Lakini alikuwa amesifu kazi ya mikono yangu, na miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuisifu, mdomo ukajibu wenyewe.

"Asante Profesa. Ndiyo kazi yangu ya kila siku."

Basi tukaendelea, na nilijibu vizuri, naapa nilijibu vizuri, na kumbe nje mambo yanaharibika polepole. Ekisa alikuwa akimaliza gari moja dirishani anampigia dereva simu aje achukue faili yake. Dereva anafika mlangoni, anasoma karatasi yangu, anasimama. Wa pili anakuja, naye anasimama. Hawa ni madereva wa malori, watu wanaopigia mbuzi honi, na walisimama pale nje kwa heshima kama wako hospitalini, kwa sababu mama mmoja ambaye hawamjui aliandika tafadhali. Mpaka leo nikiwafikiria nasikia uchungu na shukrani pamoja. Lakini lori la mbele bila makaratasi haliondoki, na la mbele lisipoondoka la nyuma litapita wapi?

Honi zikaanza. Profesa akauliza, "Mko karibu na barabara?" Nikasema kidogo.

Mwenye miwani akauliza, "Tuambie kosa moja ulilowahi kufanya kazini, na lilikufunza nini." Hilo nilikuwa nimelikariri. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba kosa langu ni kufanya kazi kupita kiasi. Nikakohoa, nikafungua mdomo, na mlango ukagongwa, taratibu kabisa, kwa kidole kimoja.

Akaingia mwanaume mrefu, kofia mkononi, akinong'ona. "Madam, pole sana kusumbua. Mimi naitwa Mutua. Faili yangu ilikuwa hapa chini, ya tatu kutoka mlango. Imeenda wapi?"

Nikamwashiria asubiri. Akainama akanong'ona tena, na ule mnong'ono wake ulifika Nairobi bila shida.

"Madam, mimi nimebeba vifaranga. Vya siku moja. Gari yangu, hiyo Kanta, imesimama kwa jua na jua imekuwa kali. Nikikaa nusu saa ingine watakufa wote."

Nikatazama saa, nikatazama wale watu watatu kwenye kioo, nikawaza miezi yangu miwili. Sitawadanganya, nilifikiria kumwambia angoje. Halafu nikaona ile kofia anavyoizungusha mkononi. Nikasema, "Profesa, naomba mnisamehe, nipeni dakika moja," nikasimama.

Nikasimama! Koti la suti juu, leso ya Ajambo chini, na slipa za bluu moja imekatika ikashikishwa na waya. Kamera iliona yote.

"Mwenye mzigo anaitwa nani?" nikamuuliza Mutua.

"Sijui, madam. Mimi najua namba ya gari."

Namba ya gari haikuwa mahali popote kwenye rafu yangu. Nilikuwa nimepanga kitu ambacho mwenyewe hawezi kukitumia, na vikaratasi vyangu vya herufi vilikuwa vinanitazama tu.

"Unampelekea nani?"

"Mama mmoja wa Mbale. Mimi huwa namwita Mama Kuku."

"Mpigie simu umuulize majina yake yote mawili."

Akapiga. Mama Kuku akajibu kwa kelele kwamba yeye ni Nambozo, na kwani vifaranga viko wapi. Nambozo! Nikaenda kwa N, nikavuta, ikatoka. Mutua akaishika kwa mikono miwili akatoka mbio, na alipofungua mlango nikawaona wengine wote wamejipanga nje. Sasa hakuna aliyenong'ona tena, walipaza sauti wote kwa pamoja. Yangu ilikuwa ya kwanza. Yangu ilikuwa juu ya kiti. Boss, mimi yangu ilikuwa kwa benchi mwisho. Nikasahau kila kitu. Nilichukua mmoja mmoja nikimuuliza yale maswali ambayo huwa namuuliza mwanafunzi asiyejua jina la kitabu anachokitaka: umebeba nini, unapeleka wapi, uliongea na nani mara ya mwisho, hiyo karatasi ilikuwa na rangi gani. Mmoja alikuwa na mafuta ya kupikia, mmoja vigae, mmoja hakujua kabisa amebeba nini, ikabidi ampigie mkewe ambaye alikuwa anajua.

Katikati ya hayo Ekisa akaingia anahema, kalamu imebaki moja.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Nilizipanga."

"Zilikuwa zimepangwa!" Alisema hivyo na hata hasira hakuwa nayo, alikuwa amechoka tu. "Ya kwanza mlangoni ni gari ya kwanza kwa foleni. Ya pili ni ya pili. Hata mtu hajui kusoma anapata yake."

Niliitazama rafu yangu. Digrii yangu, diploma yangu, bahasha yangu ya kaki, vyote havikunisaidia kitu. Alikuwa na mpango mzuri kuliko wangu na nilikuwa nimeuvunja kwa shukrani.

Dereva wa mwisho alipotoka ndipo nikaikumbuka kompyuta. Nikageuka. Walikuwa bado wako. Wote watatu, na yule aliyezima kamera alikuwa ameiwasha na anajifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa. Nikaketi. Nilijua nimeshapoteza, na ukishapoteza uongo unakuwa mzigo wa bure.

"Profesa, hii si maktaba yetu," nikasema. "Ni ofisi ya shemeji yangu. Na lile swali la kosa, ni hili mmeliona. Nimepanga vitu vya watu bila kuwauliza wao wanavipata vipi. Na nadhani hata chuoni nimekuwa nikifanya hivyo miaka tisa."

Profesa hakucheka. Akaandika kitu. Akauliza, "Vifaranga vimevuka?"

Ekisa, bado yuko mlangoni, akajibu kwa niaba yangu. "Vimevuka, Profesa!"

Wakakata. Nikalia kwenye leso ya Ajambo, na Ekisa, mtu ambaye nilikuwa nimemharibia asubuhi nzima, akanimiminia chai na kusema, "Kunywa, shemeji. Malori hayana kinyongo." Mungu amlinde mtu huyu.

Baada ya wiki mbili simu ililia nikiwa kwenye dawati maktabani. Ilikuwa ile sauti ya upole ya Profesa. Alisema walihoji watu wengi siku ile, na wengi walieleza vizuri jinsi ya kumsaidia msomaji, lakini ni mmoja tu waliyemwona akisaidia huku amesahau kama anatazamwa. Alisema nijiandae kwenda Nairobi. Nilipiga kelele. Mimi, niliyewafukuza watu kwa kutafuna karanga! Na wanafunzi wote wakageuka kwa pamoja wakaniambia, "Shhh!"

Nilienda, nikakaa miezi sita, nikarudi. Siku hizi kabla ya kuhamisha kitabu hata kimoja nauliza kwanza, na nimegundua wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanaacha vitabu vyao mezani kwa makusudi, wa zamu ya asubuhi anamwachia wa zamu ya jioni, na mimi kila siku saa nane nilikuwa navirudisha rafuni najisifu. Sigusi tena. Nimeapa.

Mwezi uliopita nilipita Malaba kumshukuru Ekisa kwa kuku wawili (Mutua ndiye aliyenitafutia, kutoka kwa Mama Kuku mwenyewe, na nusu ya bei akakataa kuchukua). Faili zilikuwa sakafuni kama zamani, zinaanzia mlangoni, zinafuata ukuta, zinakunja kona. Na juu ya rafu tupu, kando ya thamosi, kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: SHEMEJI, USIGUSE.

Faili moja kwenye benchi ilikuwa imekaa upande. Nikaweka mikono nyuma, nikangoja chai.