Shangazi na Meza ya Ukutani

Jamani, leo shangazi nusura anizike kwa aibu nyumbani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, hapahapa Njombe!

Tulipeleka viazi, mkewe akatukaribisha ndani.
Ukutani kuna picha aliyoichora mwenyewe: birika, vikombe, mapeasi. Meza imeinama kama imekunywa ulanzi.

"Mama, unaionaje?" memsabu akamuuliza shangazi.

Shangazi akaitazama weee.
"Memsabu, vikombe vimejaa na mwenyeji hajaonja. Mgeni atakunywaje?"

Halafu chai ikaletwa. Shangazi mikono mapajani, haigusi ng'o!
Niambieni, nyinyi mngejificha wapi?

Memsabu akaiangalia picha, akamwangalia shangazi, kisha akachukua kikombe cha shangazi na kuonja.

Shangazi akanywa chote. Akaigeukia picha.

"Haya, sasa hata meza imenyooka."