Taa Niliyoibandika Tepu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo hadi leo nikiiwaza naona aibu, ingawa niliyemkosea alinisamehe siku ileile. Nakusimulia kwa sababu jana nilikaa kando yako garini, nikaona ile taa ya manjano ya upepo wa tairi inawaka, nawe ukaniambia mimi baba yako, "Aabo, hiyo huwaka tu." Mimi pia nilisema hivyo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, dereva wa teksi hapa Garissa. Gari lilikuwa la mjomba wangu, limetoka ng'ambo na taa ambazo magari mengine ya mjini hayakuwa nazo. Asubuhi moja ikawaka taa yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati. Nilishuka, nikayazunguka matairi yote manne nikiyapiga teke. Yote yalionekana yamejaa. Nikajiambia kompyuta ya gari imeshindwa na joto letu. Abiria walipoanza kuulizauliza, nilikata kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme, nikakibandika juu ya ile taa. Siku tatu niliendesha kwa raha zangu.

Siku ya nne nilimbeba eedo Ebla, dada ya baba. Kwetu, kama ujuavyo, shangazi naye humwita mtoto wa kaka yake jina hilohilo, eedo. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho hospitalini. Jicho moja limefungwa bandeji, na la pili lilikuwa limefifia siku nyingi. Daktari alimruhusu arudi kwake Sangailu kwa sharti moja, kwamba gari lisimrushe. Nikaapa kuendesha taratibu.

Tulikuwa tumeuacha mji nyuma alipoinua kichwa kama mtu anayesikiliza.

"Eedo, gari linachechemea upande wangu."

"Ni barabara tu, eedo."

"Barabara naijua. Nimeongoza ngamia wa mizigo maisha yangu yote, mwenye mguu mbovu namjua kwa hatua zake. Simama uangalie."

Kusimama kungenichukua dakika tano, mwanangu. Sikusimama. Nilitaka ajue kwamba mtoto aliyemlea anaijua kazi yake.

Mbele kidogo tairi la nyuma la kushoto likapasuka. Gari liliyumba, likatoka barabarani, likazama mchangani na kusimama ghafla. Eedo alijigonga bega mlangoni, akalifunika jicho kwa viganja vyote viwili. Nilimwita mara tatu. Nikajua nimempofusha mtu aliyenifundisha kutembea.

"Niko hai," alisema hatimaye. "Nitoe nikae chini."

Nilimtandikia mkeka kwenye kivuli cha kichaka, nikaanza kutafuta jeki.

"Gari hili la ng'ambo halikukwambia chochote?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. Asingeiona ile tepu. Lakini nilipiga magoti mbele yake, nikamweleza yote. Akanyoosha mkono, akapapasa hadi akakipata kichwa changu.

"Wewe hukuliogopa tairi, eedo. Uliogopa kuulizwa."

Hakuuondoa mkono wake haraka.

Nilifunga spea, nikaibandua tepu, nikalitoa gari mchangani, nikarudi polepole hadi hospitalini. Daktari alipofungua bandeji nilitazama sakafu. Jicho lilikuwa salama, alhamdulillahi, ila alimlaza siku mbili zaidi. Kabla sijatoka wodini eedo alinishika mkono. "Nenda ukamwambie mjomba wako kwa mdomo wako, asisikie kwa watu." Nilikwenda. Alinifokea vya kutosha, kisha akanipeleka kwa fundi wa pancha. Fundi alipolivua tairi lile alikuta msumari mdogo. Upepo ulikuwa ukitoka kidogo kidogo siku zote zile, na macho yangu hayakuona.

Nilipomrudisha eedo kwake, kila tuliposimama aliniambia, "Kayaangalie miguu," kisha akacheka peke yake.

Basi nisikilize, mwanangu. Taa hiyo ikiwaka, punguza mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, tafuta mahali pa usalama usimame. Usiliamini jicho wala teke. Pima kwa kipimo, asubuhi, tairi likiwa bado baridi. Ukijaza upepo na taa ikarudi, kuna kitu kimelitoboa, mwone fundi. Spea nayo ipime, kwa maana siku ya kuihitaji haitakuambia mapema. Na anayekaa kando yako akisema gari haliendi sawa, awe mzee au mtoto, simama kwanza, ubishi baadaye. Ukikosea, sema mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akutangulie katika kila safari, awalinde wote wanaokukabidhi roho zao, na akurudishe nyumbani ukiwa mzima na moyo mweupe. Amin.