Kiota cha Korongo Kwenye Mafunjo

Nilichimba mchanga miezi mitano kwenye kinamasi kando ya ziwa Nakivale, na uchimbaji haukuwa mgeni kwangu. Kivu Kusini, Kongo, tulikotoka kabla ya kuwa wakimbizi hapa Uganda, nilikuwa nikichimba dhahabu mtoni, nikauona mto ule ukigeuka tope mpaka samaki wakaisha. Nilijua kinachofuata. Nikashika beleshi hata hivyo, kwa kuwa posho ya chakula ilikuwa imepunguzwa na watoto ni wanne.

Asubuhi moja, nikifyeka mafunjo tuufikie mchanga, nilikuta kiota cha korongo mwenye taji, ndege yule wa kwenye bendera ya Uganda. Mayai mawili. Mama yao alisimama hatua chache tu, mabawa wazi, haondoki.

Nilimwita msimamizi wetu, Mnyankole wa Mbarara. Alitazama, akavua kofia.

"Hii ni ndege ya serikali," akasema. "Hapana gusa. Nyinyi chimba kando."

Basi tukachimba kando. Siku ya tatu kiota kilikuwa kimebaki kwenye kipande cha mafunjo chenye upana wa kitanda, mashimo pande zote. Kisha tukakata mfereji wa kutoa maji ili malori yasogee karibu, na chini ya kiota pakakauka. Hapo niliingiwa na hofu. Korongo hujenga majini ili mbwa wasimfikie.

Jioni nilimweleza mke wangu, naye akaendelea kuchambua maharage.

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi mulikubali bote, wewe pamoja nao."

Kesho yake niliwahi kabla ya wenzangu. Nyayo za mbwa zilikwenda moja kwa moja hadi kiotani. Yalibaki maganda tu. Korongo wawili walikuwa wakitembea ukingoni, wakiinama na kuinuka. Nikaanza kuuziba mfereji, ingawa sikujua namzibia nani tena. Msimamizi alinikuta hapo. Hakunigombeza. Alisema lori linangoja, kuna ghorofa inajengwa Nyamityobora, mjini Mbarara.

Nililijaza. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: nililijaza, na la mchana pia. Mwisho wa juma niliacha kazi, nikarudi kwenye mahindi yangu. Mtu mwingine alichukua beleshi langu siku hiyohiyo.

Msimu uliofuata nilikwenda kinamasini na mke wangu. Tulikuta mashimo ya maji ya kijani, na ng'ombe wa wafugaji wa Endiinzi jirani wakinywa. Tulikaa mpaka jua likawa kali. Hakutua korongo hata mmoja.