Mama Cheruiyot, Karibu Uchukue Leso

Hii aibu sijamwambia hata mke wangu, kwa hivyo mkicheka chekeni polepole. Miaka kadhaa baada ya fujo za uchaguzi nilirudi Eldoret, mimi mtu wa ziwa, nikapata kazi ya kompyuta kwenye ushirika wa maziwa kule Kapseret. Nilikuwa kwa majaribio, na meneja, Mama Jebet, alinionya kwamba nikiwaudhi wakulima hataweza kunitetea. Nikajitambulisha kwa jina la ubatizo tu, Peter (la pili likisikika, kila mtu anajua nimetoka wapi).

Kazi yangu ilikuwa kuandika kanuni za kufanya kompyuta ikatae makosa kwenye rejista ya wanachama. Kuandika moja moja kunachosha, basi nikatengeneza makro, programu fupi ambayo unaipa herufi tu, unabonyeza, inakuandikia kanuni zote. Kwetu Otieno ni mwanamume, Atieno ni mwanamke, nikaipa O na A, mambo yakaniendea vizuri, nikaongeza majina ya wenyeji wa huku: yanayoanza na Kip wanaume, na Che wanawake. (Nilisoma shule na Cheruiyot mwingine, dume lenye ndevu, lakini siku hiyo utaalamu ulinipanda kichwani.) Majina mengi ya Che yaliyoandikwa mwanamume yakawaka nyekundu. Badala ya kuuliza nikasema makarani walisinzia, nikawageuza wote wanawake, na mialiko ya mkutano wa akina mama, ambapo kila mama angepewa leso ya kujifunga, ikaenda kwa simu zao.

Jumamosi nikaingia ukumbi wa kanisa nikakuta benchi la mbele limejaa wazee wenye kofia na bakora. Hata hapo sikushtuka. Nikashika kipaza sauti nikaita, "Mama Cheruiyot, karibu uchukue leso."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja akainuka taratibu, akapokea leso, akajitanda mabegani, akangoja watu wanyamaze.

"Kijana, wakati wa ile vita watu walisimamishwa kwa barabara wakahukumiwa na jina. Wewe mbona hukuniuliza?"

Nilitamani ardhi inimeze, maana hata mimi nilisimamishwa barabarani wakati ule.

"Pole, Mzee."

"Na majina yako ni gani? Yote."

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Peter Ouma."

"Haya, Ouma. Sasa tumejuana," akasema, akarudi kukaa na leso yake.

Mama Jebet hakunifukuza. Makro bado natumia, ila ile kanuni ya majina niliifuta siku hiyo hiyo, na siiandiki tena maishani.