Upande Aliohamia Baba

Nilipewa sauti ya pili kwa sababu nilichelewa kufika. Wenye sauti nzuri, na wasio nazo ila wana ndugu kwenye kwaya ya kanisa, walikuwa wameshajaza sauti ya kwanza. Mimi nikasukumwa benchi la kati pamoja na wasichana wengine watatu. Nilinuna wiki nzima. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo. Ya pili inakaa chini yake, na sehemu yetu karibu yote ilikuwa noti moja tu, so, hadi koo linachoka.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini kwetu Kasoli, na maduka ya Bariadi yakajaa redio na kaseti. Mwalimu wetu wa kwaya alinunua kaseti moja pale sokoni, muziki wa Mjerumani wa zamani, okestra nzima na waimbaji, akaamua kwamba tutauimba. Okestra hatukuwa nayo. Tulikuwa na kinanda cha kukanyaga ambacho vitufe vyake vinne vya katikati vilikuwa vimekufa. Mwalimu akapika kwa alichonacho: kazi ya fidla akazipa filimbi mbili za shule, na ya zile fidla kubwa zinazonguruma chini akawapa wanaume wa besi. Kisha akatugeukia sisi wanne.

"Ninyi ndio vitufe vyangu vilivyokufa," alisema. "Mkinyamaza, katikati ya wimbo kuna shimo."

Sikuona sifa yoyote ndani ya maneno hayo.

Nyumbani nilifanya mazoezi huku nikichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. So, so, so, fa, so. Baba alivumilia siku tatu. Siku ya nne akaweka gunia chini.

"Ng'wanone, mwanangu, huo wimbo umekwama wapi?"

"Haujakwama, baba. Ndivyo ulivyo."

"Mimi nasikia lori limezama mbugani, matairi yanazunguka palepale."

Niliudhika, lakini baba hakuwa mtu wa kusema ovyo juu ya nyimbo. Ujana wake aliumalizia katika kumfuata manju mmoja, mtunzi na mwimbaji wa ngoma, toka uwanja hadi uwanja. Kwetu, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake na wimbo wake. Watazamaji huhukumu kwa miguu: mtu anahamia kwa anayemvutia, na kikundi kinachobaki na watu wengi ndicho kimeshinda. Baba hakuwahi kuhama kwa ajili ya undugu. Aliwahi kumwacha kaka yake wa tumbo moja akicheza mbele ya uwanja mtupu, na habari hiyo ilifika mpaka Migato. Baba mkubwa hakuisahau.

Jumamosi zilikuwa siku za kuchambua pamba, nami nilikuwa nazitoroka kwa baiskeli ya baba kwenda mazoezini Bariadi. Basi akatoa neno lake: siku tutakapoimba atakuja kusikia mwenyewe, na kama ni kelele zilezile, baiskeli itabaki nyumbani. Bila baiskeli, kwaya ilikuwa imekwisha kwangu. Hapo ndipo nilipogundua, tena kwa hasira, kwamba ninaipenda ile noti yangu.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Baba alikaa nyuma na wazee wawili wa Kasoli, kofia magotini. Katika wimbo ule sauti huingia moja baada ya nyingine, kila moja ikishika njia yake kana kwamba haina habari na wenzake. Baba hakuwahi kusikia kitu cha namna hiyo kikiitwa wimbo mmoja. Alichosikia ni mashindano.

Nilimwona akinyanyuka. Akapita pembeni hadi mbele ya sauti ya kwanza, akasimama akiwatazama kwa makini. Mhudumu wa kanisa akamgusa bega, wala hakugeuka. Akasogea kwa besi, akatikisa kichwa kidogo kuwakubali. Nilitamani kulia kwa aibu, ila aliyeshika so hana nafasi ya kulia. Kisha filimbi zikanyamaza, kinanda kikafika kwenye vitufe vyake vibovu, na pale katikati pote pakawa petu. Baba akageuza kichwa. Akavuka mbele ya kanisa zima, taratibu, akaja kusimama mbele ya benchi letu, kofia kifuani. Wale wazee wawili wakatazamana, wakanyanyuka, wakamfuata.

Nje, mwalimu alimtania. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, mzee."

"Kamuulize kaka yangu," baba alijibu.

Tulirudi mimi nimekaa nyuma ya baiskeli, na penye mlima tukashuka kukokota. Nikamweleza kwamba pale hakuna aliyeshindwa, sauti zote ni wimbo mmoja. Baba akaendelea kukokota.

"Haya, imba hiyo yako."

Nikaimba so, so, so. Juu yake baba akaweka, kwa sauti ya kukwaruza, wimbo wa manju wake wa ujanani. Ukakaa sawasawa juu ya noti yangu. Nilifurahi hadi pumzi zikanipungua, lakini niliishikilia noti yangu nisije nikamwangusha.

Jumamosi iliyofuata niliamka, nikaenda kwenye pamba bila kuambiwa. Nilimkuta baba ameshakaa mahali pangu, anachambua, safi huku, fifi kule. Baiskeli ilikuwa mlangoni, imejazwa upepo.