Wimbo wa Unyago Kwenye Spika

"Nani mwingine ameusikia?" aliuliza mama mmoja wa Mahurunga kwenye duka la kompyuta hapa mjini Mtwara.

Mama yule ni kungwi. Alileta kanda ya nyimbo za unyago, zile ambazo mwanamume hapaswi kuzisikia, ihamishiwe kwenye CD kabla haijakatika. Kijana wa duka alimwahidi kuihamisha spika zikiwa zimezimwa. Sasa wimbo ulikuwa unanguruma mpaka barazani, umeongezewa ngoma.

Mama alivua khanga ya mabegani akaitupa juu ya spika, kama anayezima moto.

"Usiwe na wasi, mama," kijana akacheka. "Nimewagawia nakala wenzangu wanaorekodi nyumbani, watoe maoni. Wanasema besi ipande kidogo tu."

"Mwanangu, makungwi wenzangu wakijua, unyagoni siingii tena."

Alirudisha khanga mabegani, akadai kanda yake.

Mafundi hawa hubishana juu ya besi mpaka mate yawakauke, ila kumuuliza mwenye wimbo hakumo kwenye maoni yao! Mama aliondoka na kanda. Nakala zilishatangulia mitaani.

Ndugu msomaji, ukipewa CD hiyo, tafadhali usiipige. Ivunje.