Rafu Moja kwa Kila Kitabu

Duka la Karani halikuwa na mlango. Lilikuwa ndani ya simu za watu, naye aliliendesha kutoka chumba kidogo juu ya duka la kinyozi, chenye meza moja, feni yenye kelele na dirisha lisilofunga vizuri. Aliitwa Karani kwa kuwa alifanya kazi maktaba mpaka ilipofungwa. Sasa aliuza vitabu vya kusomwa kwenye simu, na wachapishaji wake wote walikuwa wadogo, watu waliojichapishia vitabu vyao wenyewe: muuguzi aliyeandika juu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, fundi redio, mwalimu wa hesabu, na mfuga nyuki mmoja mbishi.

Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, watu hawa walizama bila hata kutoa povu. Kule kitabu huonekana kwa sababu kimeuzwa, na huuzwa kwa sababu kimeonekana. Anayeanza leo atauza lini? Karani aliapa kwamba kwake haitakuwa hivyo.

Lakini soko lake lilikuwa linakata roho, na waliolikaba koo ni wachapishaji wenyewe. Kila mmoja, kwa hofu ya kutoonekana, alikibandika kitabu chake kwenye kila rafu. Aliyetafuta hadithi za mapenzi alipokelewa na mizinga ya nyuki. Aliyetafuta mizinga aliangukia hesabu za kugawanya. Wasomaji walichungulia, wakaguna, wakaenda zao.

"Shemeji, hili si duka, ni chumba cha mtu anayehama," alisema mume wa dada yake, aliyeitengeneza programu ya duka na ambaye hakukosa kupita asubuhi kunywa chai.

"Basi leo tunapanga vyombo. Kitabu kimoja, rafu moja."

"Wachapishaji watakukimbia."

"Wakikimbia wote, chai utakunywa wapi?"

Shemeji alicheka, ila alijua si mzaha. Hao wakiondoka duka limekwisha, na Karani hakuwa na kazi nyingine ya kurudia.

Walipanga hadi mchana, simu ikalia. Mfuga nyuki.

"Umenifuta, mwanangu!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenifuta! Kwenye mapenzi simo, kwenye dini simo, kwenye watoto simo!"

"Kwenye mapenzi ulikuwa unatafuta nini, mzee?"

"Nyuki wana malkia!"

Shemeji aliziba mdomo kwa kiganja.

"Upo kwenye rafu ya nyuki," Karani alisema taratibu.

"Nimeiona. Niko peke yangu kama jino la kibogoyo! Nani atafika huko?"

"Mwenye shida ya nyuki. Niambie, anayefungua kitabu chako anakuwa na shida gani?"

Mzee alinuna kidogo. "Nyuki wamehama mzinga. Wote wanalia hivyo."

Karani alifuta jina la rafu, akaandika mahali pake: *Nyuki wako wamehama mzinga?* Kisha akampigia muuguzi, na fundi, na mwalimu, akiwauliza swali hilohilo. Vichwa vya rafu vikawa maneno ya watu wenye shida zao, yaleyale ambayo mtu huyaandika kwenye simu akitafuta msaada.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," mfuga nyuki alikuwa amesema kabla ya kukata. "Nikikaa bure, naondoka, na hao wenzangu naondoka nao."

Siku zikapita kimya. Karani alikuwa mpole kuliko kawaida, na shemeji aliacha utani, jambo lililomtisha zaidi.

Mwezi ulikuwa ukingoni mzee alipopiga tena. Sauti ilikuwa ya chini, ya haraka.

"Mwanangu, watu wananisumbua."

"Watu gani?"

"Walionunua! Namba yangu iko mwisho wa kitabu. Mmoja nyuki wake wamehamia darini kwa jirani, na jirani anadai sasa ni wake."

"Kwa hiyo unaondoka, mzee?"

"Niende wapi? Hebu niache, kuna mtu yuko juu ya ngazi na moshi mkononi, anangoja nimwambie la kufanya."

Akakata simu.